Aliyezuia Tuta Lisitobolewe

"Umeshiba, Harlan, au tukuongezee?"

Maureen Tveit aliyasema hayo mbele ya watu saba, ndani ya duka la vyakula vya mifugo, huku amemzibia mzee wa watu njia ya kwenda kulipa. Harlan Dykstra, mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, alisimama na gunia lake begani, akamtazama kama mtu aliyebwekewa na mbwa asiyemjua.

"Nimekukosea nini, Maureen?"

"Oneni malaika huyu! Samoni kumi na tisa tu ndio waliopanda mto mwaka huu. Kumi na tisa! Wakati wa baba yako walikuwa wanapandana migongoni."

"Lakini mimi kule ofisini nili..."

"Ulichofanya kule ofisini tunakijua sote!"

Mzee akalitua gunia, akatoka bila kulinunua. Kwa Maureen, huo ulikuwa ushahidi tosha.

Mto Kellet ulifungiwa kwa tuta la udongo tangu enzi za baba zao. Serikali kuu ndiyo iliyolijenga ili mashamba yasifurike, na nyuma yake kinamasi kikakauka, kile ambamo samaki wachanga wa samoni walikuwa wakinenepea kabla ya kwenda baharini. Maureen, dereva mstaafu wa basi la shule, na wenzake wa Chama cha Marafiki wa Mto waliomba jambo moja tu: watoboe mita arobaini za tuta, wajenge jingine dogo nyuma, maji yarudi kinamasini. Ila tuta ni mali ya umma, huligusi bila kibali cha ofisi ya serikali. Waliomba. Huu ulikuwa mwaka wa kumi na moja.

Si kwamba ofisi ilikataa. Ofisi ile haikuwa na ujasiri hata wa kukataa. Lakini kila ombi lilipokaribia kupita, ilizuka barua ya kupinga, na sheria ilitaka kila hoja ijibiwe kwa vipimo vipya. Mara udongo hautoshi. Mara uzito wa maji ya theluji. Mara panya wa majini watachimba mashimo. Jina la mpinzani lilifichwa, lakini shamba lililopakana na tuta lilikuwa moja tu, na mwenyewe ni Dykstra.

"Mtu ambaye shule ilimshinda," Maureen alifoka alipoingia garini mwa Clifford Raines, aliyekuwa akimngoja nje ya duka. "Hesabu za maji ya theluji kazitoa wapi?"

"Mtu akiogopa kupoteza shamba hujifunza mengi, Bi Maureen," alijibu Clifford kwa upole, akawasha gari.

Clifford alikuwa mhandisi wa mito, na ndiye aliyekuwa tegemeo lao. Mpole, msikivu, hakosi kuleta donati kila kikao. Hoja ikija, yeye ndiye aliyepima, aliyechora, aliyejibu. Mhandisi mwingine angetaka miezi miwili. Clifford, siku tatu na jibu liko mezani. Chama kiliuza pai, kikaosha magari ya watu kwenye baridi, ili kila jibu lilipwe na mhandisi wao asiwakimbie.

Kisha mwaka huo serikali kuu ikaleta utaratibu mpya. Miradi ya kuwarudishia samaki makazi yao isizungushwe tena: jibu ndani ya siku tisini, na mwombaji aruhusiwe kusoma pingamizi zote pamoja na majina ya walioziandika. Maureen alicheka mpaka akakohoa. Siku tisini! Ofisi iliyotumia miezi minne kumwandikia kwamba imepokea barua yake!

Clifford naye hakuufurahia.

"Haraka ya nini?" alisema wakiwa njiani. "Mambo haya yanataka umakini. Tungeomba tu tubaki kwenye utaratibu wa zamani."

"Nibaki nifie humo? Nina miaka sabini na mbili, Clifford."

Walipofika ofisini, alisimamisha gari, akashuka haraka kumfungulia mlango. "Wewe kaa. Nikuchukulie faili. Magoti yako na ngazi zile..."

"Magoti yangu yameingoja siku hii miaka kumi na moja. Nataka nilisome jina la yule mzee kwa macho yangu, halafu nikambandikie barua zake kwenye mlango wa zizi."

Karani, mwanamke aliyekuwa akimumunya pipi ya mnanaa, alimsukumia faili bila kuinua uso.

"Walioandika ni wawili tu," alisema. "Mmoja aliandika mara moja. Huyu mwingine hachoki."

Ya juu ilikuwa karatasi iliyochanwa daftarini, ya mwaka wa kwanza kabisa, kwa mwandiko uliopinda. "Mabwana wa ofisi. Hilo tuta litoboeni. Ng'ombe wangu nitawahamishia mlimani. Mara ya mwisho kusikia samoni wakipiga maji nilikuwa na miaka tisa, na ningependa niwasikie tena kabla sijafa. H. Dykstra."

Maureen aliisoma mara mbili. Masikio yakamchoma. Miaka kumi na moja hakuwahi hata siku moja kumwuliza.

Akalivuta karibu lile rundo jingine: barua kumi na moja, nene, zimepigwa chapa, zina michoro na hesabu za maji ya theluji. Akafunua ukurasa wa mwisho wa ile ya kwanza. Akafunua wa ile ya pili. Akakimbilia ya kumi na moja.

Zote zilikuwa na sahihi moja, ya wino wa buluu, ya mkono usio na haraka: Mhandisi Clifford Raines.