Goli la Upande wa Mto

Fainali ilifika mapumziko ikiwa sare, na Nguchiro, nahodha wa timu ya msituni, alikuwa ameshachoshwa na kocha wao Kasuku. Wachezaji wanahema, maji hawajaonja, yeye anahubiri tu.

"Kifaru, ukipata mpira, piga goli la upande wa mto."

"Kocha," akasema Nguchiro, "kipindi cha pili goli hilo ni..."

"Nikiongea usinikatize."

Nguchiro akafyata ulimi. Kasuku akarudia yaleyale mpaka filimbi ikalia, timu zikabadilishana magoli, na la upande wa mto likawa lao. Kifaru, ambaye hajui kubisha, alipata mpira, akageuka, akafumua shuti hadi nyavu za kipa wao zikachanika.

Kasuku akatua uwanjani manyoya yamemsimama, akamgeukia Nguchiro.

"Nahodha mzima, mapumziko yote ulikuwa umekaa kimya tu?"