Asilimia Mbili

"Asilimia mbili!" Roy aliisukuma barakoa pembeni, akanyooshea kidole skrini iliyokuwa ukutani. "Parsaoti, oksijeni inaisha!"

Parsaoti alivuta kiti, akaketi kando ya kitanda.

"Naiona," akasema.

Zamani walikuwa marafiki. Pamoja, pale Kitengela, waliunda mfumo wa kompyuta wa kufuatilia mitungi ya oksijeni katika zahanati za Kajiado. Parsaoti alitaka skrini zipokee habari kila dakika. Roy, mwenye kampuni, aliona huko ni kuharibu bando la intaneti. Akaweka kila baada ya saa moja.

Kisha Nailantei, mke wa Parsaoti, akalazwa hapa katika zahanati ya Kisaju akiugua nimonia. Skrini ilionyesha oksijeni ya kutosha. Muuguzi akaiamini. Nailantei akakata roho mtungi ukiwa mtupu.

Siku ya mazishi Roy alisimama mbele ya waombolezaji akasema, "Mfumo wetu haukuchelewa hata kidogo."  Parsaoti aliacha kazi Kitengela, akaja kutunza mitungi katika zahanati hii hii. Na chuki yake akaja nayo.

Leo pumu imemleta Roy.

"Badilisha mtungi, ndugu yangu," Roy alisema akihema. "Niko na watoto."

"Hata Nailantei alikuwa na mtoto."

"Muuguzi!"

"Nakhumicha ameenda kuchukua dawa. Tuko sisi wawili tu."

Jasho lilimtiririka Roy usoni. Alilishika shati la Parsaoti kwa mikono miwili.

"Hauelewi! Hiyo asilimia mbili ni ya kitambo! Saa hii pengine hakuna kitu!"

"Kwani skrini inachelewa?"

"Inachelewa! Nilijua inachelewa! Nilijua hata kabla bibi yako afe!"

 Parsaoti akamrudishia barakoa usoni, akaibandua mikono yake kidole kimoja kimoja, akaondoka bila kugeuka. Nyuma yake Roy alikuwa analia kama mtoto, akimwita Mungu.

Mlangoni alikutana na Nakhumicha akirudi na dawa.

"Ule mtungi mpya uliomfungia Roy alipoingia," muuguzi akauliza, "utamfikisha kesho?"

"Utamfikisha," Parsaoti akajibu. "Ni skrini tu bado haijajua."