Fungua Dirisha

Kompresa ya kiyoyozi cha gari iliitikia "tak!" na hewa baridi ikampiga Aliasgar usoni.

"Kompresa nzima kabisa, mzee wangu," fundi alisema, akifunga boneti. "Waya wake tu ulichomoka. Sasa hata huyo mnunuzi wa gari lako hatakuwa na la kusema."

Waya tu! Kila joto la Tanga lilipopamba moto, mkewe alimsihi, "Baba watoto, hebu tumwone fundi." Naye alimjibu yaleyale, "Kompresa imekufa hiyo. Fungua dirisha." Hakuwahi hata kufunua boneti.

Mkewe akanunua kipepeo cha ukindu. Njia nzima ya kwenda Maramba, jasho likimtiririka shingoni, alimpepea mumewe aliyekuwa akiendesha. Mwenyewe hakujipepea.

Arobaini ya mkewe ilisomwa juzi. Kipepeo bado kilikuwa kwenye kiti cha kushoto, mpini wake umeng'aa kwa kiganja chake.

"Linapoa, mzee?" fundi aliuliza.

Aliasgar alikuwa akivigeuza vitundu vya hewa, kimoja baada ya kingine, vyote vielekee kiti kile. Kisha akanyoosha mkono, akapandisha kioo cha upande wa mkewe.