Koplo wa Bi Zamoyoni

Siku hizi askari akistaafu, jeshi humkabidhi kwa mkewe pamoja na mamlaka ya kumwamuru. Neno la mke huingia sikioni na kushuka moja kwa moja mikononi, bila kupitia moyoni. Bi Zamoyoni, mke wa koplo mstaafu, alitamba nalo mtaa mzima.

“Ninyi mnawabembeleza. Wangu nikisema fua, anafua hadi mapazia ya jirani!”

Ijumaa wakaja wageni. Bi Zamoyoni akaita kutoka jikoni, “Baba Tunu, chinja kuku wa wageni, anza na jogoo mweupe!”

Alipotoka, banda lilikuwa limekwisha. Kuku kumi na tisa, hadi yule aliyekuwa akiatamia. Koplo amesimama wima na kisu chake, anasubiri.

“Mwanamume wewe! Si nilitaka wawili tu?”

“Hukusema acha.”

Bi Zamoyoni akacheka hadi akashika kiuno. Kisha kicheko kikamkauka.

“Na kule vitani waliwaambiaje?”

“Anzeni na nyumba ya kwanza.”

“Nani aliwaambia acha?”

“Hakuna.”

Tangu hapo, hata akimtuma chumvi, Bi Zamoyoni husimama mlangoni akimwangalia mpaka arudi, neno “acha” likiwa tayari mdomoni.