Fisi Milele

Mwaka ule mito ilipokauka, wanyama walimkabidhi Fisi kisima na mamlaka yote, maana aliahidi maji. Kila asubuhi Punda alilia, “Fisi milele!” ndipo akapimiwa kata moja ya kumnywesha mwanawe. Kwa kiu ile, angesifu hata jiwe.

Mvua ikanyesha. Fisi akatangaza upesi kuwa maji ya mvua ni marufuku mpaka yakaguliwe na kamati, ambayo ilikuwa yeye mwenyewe.

Punda akamwongoza mwanawe kwenye dimbwi dogo lililojaa katika alama ya ukwato wake, wakanywa taratibu.

“Wewe, nani kakupa kibali?”

“Wingu, mheshimiwa.”

“Na ile ‘Fisi milele’ yako?”

“Ile ilikuwa kiu, mzee. Imekwisha.”

Wanyama wote wakainama kunywa, na kiongozi akabaki akihutubia mikia.