Mguu wa Muajentina

"Sipandi basi, baba," Esteban alisema, "mpaka Naftali asamehewe."

Mzee Urbano alitamani kucheka. Mtu mwenyewe amesimama kwa magongo, goti limekwisha, tiketi ya kurudi kwao iko mfukoni, halafu anamtetea aliyemroga!

Esteban alikuwa mshambuliaji kutoka Ajentina. Alianzia kwao, akacheza Bolivia, akacheza Ugiriki, na umri ulipoanza kumtupa mkono akaangukia kijiji cha Mkiwa, kwenye timu ya tajiri mmoja mwenye mashine ya kukamua alizeti. Misimu miwili alilala nyumbani kwa Urbano, akala ugali wa mtama, akajifunza kusema shikamoo. Urbano hakujaliwa mtoto. Alimpenda yule Mzungu kupita kiasi, wala hakuona haya kusema.

Urbano ndiye mwenyekiti wa kamati ya ufundi ya timu. Kwa asiyejua, kamati hiyo haifundishi mtu mpira. Kazi yake ni kwenda kwa mganga. Kabla ya mechi ya mwisho, Urbano alifunga safari hadi Mitundu, ili kijana wake afunge mabao na aongezewe mkataba. Mganga akampa kazi na mwiko: asiutazame mchezo hadi kipenga cha mwisho. Basi mzee wa watu akakaa nyuma ya choo cha shule, uwanja kaupa mgongo. Alisikia shangwe, kisha kimya, kisha Esteban akilia kwa sauti.

Daluga zikatundikwa siku hiyo hiyo.

Mchawi hakutafutwa mbali. Naftali ndiye aliyenyang'anywa namba na Muajentina, kwa hiyo ni Naftali. Kamati ikamfukuza kwenye timu, kijiji kikammalizia. Mama yake, Rebeka, mpaka leo akifika kisimani wenzake hubeba ndoo zao na kuondoka.

"Mimi sikurogwa," Esteban alisema. "Ardhi ilizama. Twende nikuonyeshe."

"Izame kiangazi, mwanangu? Ardhi ya huku inavunja jembe."

"Nikikuonyesha shimo, shimo la kawaida tu, utamrudisha?"

Urbano alimtazama. Angemnyima nini mtu huyu, siku ya kuagana?

"Nitamrudisha. Nitamwomba radhi mama yake mbele ya watu."

Agnes, mke wa Urbano, akatoka jikoni na asali kwenye chupa ya plastiki. "Unisamehe, mwanangu, zawadi gani hii ya chupa! Ningekuwekea kwenye kibuyu changu, kile chenye shanga za buluu, ila sikioni tangu mavuno. Nimetafuta mpaka nimechoka."

"Agnes, basi litamwacha," Urbano akamkatiza.

Uwanjani hapakuwa na mtu, vumbi tupu. Esteban akaenda moja kwa moja hadi mbele ya goli, kushoto kidogo, na kadiri alivyokaribia ndivyo Urbano alivyobaki nyuma.

"Njoo, baba. Wewe hukuona siku ile. Hapa ndipo nilipopenda kupigia, unakumbuka? Nikakanyaga, mguu wote ukaingia."

Akachokoa kwa gongo. Kweli udongo ulikuwa laini. Gongo likazama, likagonga kitu, na shingo ya kibuyu ikachomoza, imefungwa kitambaa chekundu.

Esteban aliduwaa. Miaka yote miwili alikuwa akiyacheka mambo hayo ya kamati.

"Kumbe ni kweli," alisema. "Nani aliweka hiki, baba? Nani alinichukia hivi?"

Urbano alikiokota upesi. Akakifuta udongo kwa kidole gumba mpaka shanga za buluu zikaonekana, kisha akakisokomeza ndani ya koti.

"Naftali," alisema.