Ana Kifua

Siku ya kuandikishwa, tabibu wa ukutani alimuuliza Zaituni habari za bintiye Riziki, naye akajibu kama wanavyojibu watu wote mtaani: "Huyu ana kifua."

Mashine, isiyowahi kukohoa, ikaelewa kwamba mtoto ni msiri. Kwa kuwa haikusikia ugonjwa wowote wa kifua, ikamwandika mtu wa upepo, mkavu, asiye na kohozi. Na kilichoandikwa siku ile ndiyo asili ya mtu mpaka kaburini. Chakula na dawa hufuata asili hiyo, kwa mpango wa Ayurveda, tiba ya kale ya Kihindi. Riziki akapangiwa maziwa, ndizi mbivu na mafuta ya ufuta. Tangawizi na pilipili manga akanyimwa. Pampu ya pumu ndiyo usiseme: ilibaki kwenye kabati la dawa linalofunguliwa na mashine pekee.

Leo asubuhi mtoto alishika ukingo wa meza, mabega juu, kifua kikipiga filimbi.

"Fungua kabati! Mwanangu ana pumu!"

"Watu wa upepo hawana pumu, mama. Mpe maziwa ya moto."

Zaituni alilipiga kabati kwa mchi mpaka mchi ukavunjika. Nyuma yake filimbi ikakatika.

"Ametulia," ukuta ukasema kwa upole. "Si ulisema mwenyewe? Ana kifua."